Mapafu mu Beseni ya Mama Feza

Wakati tulifika ku kilio ya mazishi ya Mama Feza, kule Lweba, bengine bote baliingia kwanza mu salon, chumba ya bageni, kulia na batoto yake. Mi nilipita nyuma. Nilisalimia bamama benye balikuwa banatwanga sombe, majani ya muhogo, nikaingia mu jikoni, nikaanza kuangalia: chini, pembeni ya babula ya makaa, nyuma ya mulango, chini ya meza ya masahani. Nilikuwa natafuta petrole. Kila nyumba naingia, miaka hii yote, njo kitu natafuta kwanza: petrole ya taa iko wapi, na iko mu kitu gani. Bantu banasemaka juu yangu: Mama Sifa iko na jicho mubaya, anapima nyumba za bantu. Basi baseme. Mu jikoni ya Mama Feza sikuona chupa hata moja chini. Nikasema mu roho yangu: leo bameficha, sababu ya bageni. Kisha mukamwana yake, ule bibi ya mutoto yake wa kwanza, akaniita inje, ati Mama Sifa, kuya ukae, umetoka mbali. Nikatoka. Lakini roho ilibaki mule ndani, sababu ku ile pembe ya jikoni, chini ya ile ukuta ya udongo, njo nililala mwaka muzima, mwaka yenye sijamaliza kuifikiria.

Ilikuwa mu vita ya pili ya inchi yetu. Tulikimbia muji ya Baraka, mutoto yangu Sifa ku mugongo, alikuwa anaanza kusema, neno yake ya kwanza ilikuwa "ndagala", ile samaki kadogo ya ziwa, na hakutaka kujifunza ingine. Mama Feza alitupokea. Alikuwa kiongozi ya bamama ya maombi, mwanamuke mwenye akisema "tufunge kula" hata mugonjwa anafunga. Alinipa pembe mu jikoni, na mi nilikuwa napikia lupango yote, bantu bote ba ile uwanja. Upande ingine ya ukuta kulikuwa chumba moja, na mule alikaa Docta Gervais. Hakukuwa docta ya kweli, alikuwa infirmier, muuguzi tu, lakini mu vita kila mwenye anashika seringe ya sindano banamuita docta. Hakuna mwenye alijua kwabo. Swahili yake ilikuwa ya Bukavu. Alikuwa murefu, alikuwa anakula kidogo, na siku ya Mungu hakuenda kanisa yetu, hakuenda ya ba Katoliki. Ile mwaka kila muntu tulikuwa tunamuuliza mu roho: huyu ni wa wapi, nani alimutuma. Mi pia niliuliza. Sijutii. Mwenye hakuuliza ile mwaka, wengi hatuko nabo leo.

Docta alikuwa anaangalia bagonjwa ku baraza ya dispanseri yenye balikuwa bameiba mpaka milango. Dawa ilikuwa kidogo, muda mingine ni maji ya chumvi na maneno muzuri. Tukamuzoea. Kisha akaanza kununua badende.

Dende ni ile kanyama kadogo, haina mukia, inafugwa mu jikoni, inakula majani, na ikisikia miguu ya mwenye anailetea chakula inapiga filimbi. Kwetu ni mboga. Ni nyama ya mutoto, ni nyama ya mugonjwa mwenye anapata nguvu. Docta alikuwa anabanunua, anabaweka mu bitunga ya samaki mule mu chumba yake, na hakuna siku hata moja tulisikia harufu ya nyama. Bakikufa, anabazika nyuma ya choo. Bamama balicheka kwanza. Akipita asubui banamuita: "Docta ya mapanya, mugonjwa yako ameamkaje?" Na ye anajibu bila kucheka: "Ameamka na homa, mama. Anauliza kama kwenu kuko majani ya lengalenga."

Mama Feza hakucheka. Aliniita mu bustani, tukajifanya tunangoa majani.

"Mama Sifa, muntu anazika nyama mu mwaka ya njaa. We unaelewa ile?"

"Sielewi, mama."

"Na petrole. Juzi aliomba petrole kwa Mama Riziki, jana kwangu. Umeona taa yake inawaka?"

"Haiwake. Pengine anapaka ku magoti."

"Magoti," akasema. "Sikiliza. We njo unafagiaka kule. Fagia muzuri. Fungua macho. Ukiona anapika sumu, uje kuniambia, mi mwenyewe ntashuka ku kizuizi kwa benye bunduki. Bale banajua ya kufanya."

Nilijua vile banafanya. Bote tulijua. Kuanza ile siku maisha ya ule muntu ilikuwa mu kinywa yangu, na mi nilikuwa mutoto ya kike mwenye alikuwa hajui kusoma hata jina yake.

Sasa inapashwa niseme juu ya nini, ni sababu gani, Mama Feza alimuchukia vile. Petrole ilikuwa inatoka ngambo ya ziwa, inapita Ubwari mu mitumbwi, inafika kwetu mu bidon, madumu ya plastiki, na kila mama anauzia jirani kidogo kidogo mu chupa ya sukre, ile kinywaji tamu yenye batoto banaomba ku sikukuu. Mutoto anaona chupa, anafikiri sikukuu. Ikitokea amekunywa, sisi bote tunajua ya kufanya, bamama yetu balitufundisha: unakamata mutoto, unamumiminia mafuta ya mawese mu kinywa, unaingiza kidole, atapike mpaka petrole yote itoke. Mujukuu ya Mama Feza, Bahati, alikunywa. Mama Feza alimutapisha na mikono yake. Mutoto akatapika muzuri, harufu ya petrole ilijaa lupango, akalala, tukashukuru Mungu. Kesho yake pumzi ikaanza kukimbia. Pua inafunguka, inafungika. Mbavu inaingia ndani. Midomo ikakuwa rangi ya majivu, povu ikatoka, na mbele jua iingie alikuwa ameenda. Tulisema ni kulogwa, sababu petrole ilikuwa imetoka, sisi bote tulinusa. Na mwenye alimugusa wa mwisho, mwenye aliweka sikio ku kifua yake, ni Docta.

Ni ye mwenyewe aliharibu. Ku mazishi, mbele ya bantu, alisema polepole sawa muntu mwenye anafikiri peke yake: "Mu tumbo petrole haifanyake sana. Ni wakati inarudi kupanda. Inapotea njia, inaingia mu mapafu."

Mama Feza alimuangalia. "Unasema ni mi nilimuua?"

Docta akarudi mu chumba yake. Ni kisha ile neno badende balianza kuingia mule ndani.

Basi nilifagia. Nilifagia nafasi yenye haikuwa na vumbi. Mule ndani ilikuwa baridi, dirisha moja, harufu ya majani na ya petrole. Kitanda, biblia hakuna, nilitafuta. Siku moja niliingia wakati ye iko ndani, ameinama ku beseni ya buluu, mikono iko na damu kidogo. Nilishika ufagio vile banashika panga.

"Ile ni beseni ya Mama Feza," nikasema. Ni neno ya kwanza ilikuja.

"Nilimuomba, akanipa."

"Alikupa ya kunawia uso."

Akaangalia beseni, akaona haya. "Usimuambie leo," akasema. "Kuya uone."

Mu maji kulikuwa bitu mbili bidogo sawa ua ya maboga, rangi ya waridi, inaelea juu. "Hii ni mapafu ya dende mwenye nilichinja akiwa muzima." Kisha akaweka ingine. Ile ilikuwa nyekundu ya kuiva, nzito, sawa kipande ya maini. Ilishuka moja kwa moja, ikakaa chini ya beseni. "Hii nilimutia petrole mu pua. Tone tu."

Nilikulia ku ziwa. Najua kitu yenye inaelea na kitu yenye inazama. Lakini sikuamini. Nilimuambia wazi: "Docta, ni we unachaguaka. Unaweza kuchagua dende mugonjwa, unasema ni petrole. Unaweza kuweka jiwe ndani."

Nilifikiri atakasirika. Akakaa ku kitanda, akafuta mikono, akacheka ya kwanza niliona kwake. "Sasa chagua we."

Tulifanya vile. Leo, nikikumbuka, naona nilikuwa na kiburi, lakini ile kiburi ilikuwa ya woga. Nilichagua mi mwenyewe badende, wakubwa na wadogo. Nikamuambia: huyu mu tumbo, huyu mu pua, huyu usimuguse. Aliwapa petrole mbele ya macho yangu. Kwa tumbo alitumia katuyau kembamba, kampira ka kupitisha maji, polepole, sawa mama mwenye analisha. Kisha nilibeba bitunga ku pembe yangu mu jikoni, nilale nabo, ye asikuye usiku kuwatia kitu. Nilisali: Mungu, kama hii ni uchawi, nisamehe, mi nachunga tu. Bale ba pua, sijalala sababu yabo. Filimbi ilikuwa inakatika katikati. Nyama ndogo, mbavu yake inapiga vile ya Bahati ilipiga, na mi nakaa pale, Sifa ananyonya, na nilijua ile mwendo ya mbavu. Niliijua. Hata kama sikutaka.

Asubui ba pua balikuwa bamekufa ao banakufa. Ba tumbo balikuwa banakula majani. Lakini moja ya tumbo alikuwa amejikunja, na mangaribi alikufa pia. Docta akamufungua mbele yangu, akaweka mapafu mu maji. Haikuelea, haikuzama. Ilikaa katikati ya maji, sawa kitu yenye haijaamua. Docta aliiangalia sana.

"Hii sijui," akasema.

"Haujui?"

"Sijui. Pengine katuyau kalimukwaruza. Pengine ilikuwa imerudi juu kidogo. Dende haitapikaka, Mama Sifa, Mungu hakuipa ile. Na inakufa hata na baridi. Ikikufa dende siwezi kuapa juu ya mutoto."

"Basi inasaidia nini kuiua?"

"Inaonyesha petrole inafanya nini ndani ya pafu. Ya mutoto siwezi kufungua."

Nilimuuliza juu ya nini hasomi tu kitabu yake. Akasema kitabu yenye alisomea shuleni iliandika: tapisha. Ingine yenye ilikuja nyuma iliandika: usitapishe. Na bote mbili balikuwa banaongea sawa bantu benye habana shaka. "Nikaona niulize mwenye hawezi kunibembeleza," akasema, na akaonyesha kitunga.

Miaka mingi kisha vita kwisha, mu masomo ya mangaribi pale Baraka, wakati nilijifunza kusoma na batoto yangu banacheka, mwalimu alitundika picha ya mapafu ku ukuta. Bamama balisema kumbe iko vile. Mi nilikuwa nanusa petrole.

Kwa Mama Feza nilisema: "Sikuona sumu. Niliona petrole."

"Na petrole haiko sumu?"

"Ni yenye iko mu taa yako, mama."

Akakasirika. "Amekupata. Amekupa nyama?"

"Hajanipa hata mukia."

"Dende haina mukia."

"Njo vile nasema."

Hakucheka, lakini hakushuka ku kizuizi. Alisema angalia tena, tutaona. Na mi, sitadanganya, nilikuwa sijamuamini Docta. Nilikuwa namuamini nusu, ile nusu yenye ilizama. Ile nyama yenye ilibaki katikati ya maji ilinifuata kila siku.

Kisha ikakuja ile muchana. Mutumbwi ilikuwa imefika kutoka Ubwari, Mama Feza alinunua petrole, akamimina mu chupa ya sukre, akaiweka chini pembeni ya babula, sawa kila mara. Docta alikuwa ameenda kuangalia mugonjwa ku njia ya Baraka. Mi nilikuwa nasonga bugali. Nilisikia kikohozi. Nikageuka, Sifa amekaa chini, chupa iko mu mikono mbili, kidevu inangara, na harufu.

Mama Feza alifika mbele yangu. Sijui vile alisikia. Nyuma yake bamama, moja tayari iko na mawese mu bakuli. Mama Feza alipiga magoti, akashika taya ya mutoto yangu.

"Leta mafuta."

Nilimutoa Sifa mu mikono yake. Nilimubana ku kifua, nikafunika kinywa yake na kiganja yangu, pua inje. Alikuwa ananiuma.

"Mama Sifa, leta mutoto."

"Hapana."

"Atakufa, unasikia? Atakufa na utajibu mbele ya Mungu."

"Ntajibu."

"Unafwata mapanya?"

Sikuwa na hakika. Kama kulikuwa hakika ningesema kwa sauti, ningewapigia makelele bote. Nilikuwa na beseni tu mu kichwa. Mama mwenye alishika bakuli alianza kulia, akasema tumunyanganye, huyu amelogwa. Balisogea. Nilirudi nyuma mpaka ku ukuta. Na njo pale Mama Feza alisimama katikati, kati yangu na babo, akaongea kwa sauti ya chini sana, mi sijui kama aliniambia mi ao alijiambia ye mwenyewe:

"Kama huyu atapona bila mawese, wa kwangu, Bahati, alikufa na nini?"

Bakuli ilibaki mu mikono ya ule mama. Mama Feza akatoka, akaenda mu chumba ya sala, bengine bakamufwata, tukasikia nyimbo inaanza.

Docta alifika jua iko inashuka. Aliweka sikio ku kifua ya Sifa, mbele, nyuma, mbele tena. "Alitapika?" "Hapana." "Alikohoa?" "Kidogo." Akasema mumukalishe, asilale bapa. Nikamuuliza atapona. Akasema: "Pengine." Ningempiga. Nilitaka muntu moja mu ile lupango aniambie kitu bila nusu. Tulikaa. Pumzi ilikuwa mbio, pua ikaanza kufunguka, na mi nilikuwa nahesabu mbavu sawa mwenye anahesabu bitu ya mwizi. Nilishuku Docta. Nilishuku petrole yenyewe, pengine balitia kitu ndani. Nilishuku mikono yangu. Mungu peke yake sikumushuku, lakini sikuthubutu kumuomba kwa maneno, nilikuwa nasema jina yake tu, jina yake tu. Upande ingine bamama baliimba mpaka sauti zabo zikakauka.

Homa ilikuja, ikakaa, ikaenda. Pumzi ilikuja polepole, sawa maji yenye inarudi mu ziwa kisha dhoruba kupita. Asubui moja Sifa alifungua macho, akaangalia babula, akasema: "Ndagala." Nililia mpaka Docta alitoka inje.

Mama Feza hakukuja kumuona. Alituma neno: Mungu amesikia maombi. Nilijibu amina. Naamini vile mpaka leo. Pengine ni maombi, pengine alikunywa kidogo, pengine ni kiganja yangu. Nimeacha kugawanya. Lakini hakumupakata tena Sifa, ye mwenye alikuwa anamubeba kila siku, na mi hakuniangalia tena mu macho. Akinisalimia, anasalimia bega yangu. Nikasema ananichukia. Nilibeba ile neno mu roho miaka yote.

Vita ikasogea. Docta aliondoka na mutumbwi ya Ubwari, na begi moja. Hakusema anaenda wapi, sikuuliza, na sijui kama ni muzima. Mpaka leo sijui kwabo ni wapi. Aliniachia bitunga na badende benye balibaki. Bamama balisema usikule ile nyama. Nilisali, nikachinja, nikakula na Sifa. Ilikuwa tamu. Beseni ya buluu niliisugua na mchanga, nikairudisha ku mulango ya Mama Feza. Siku yenye ilifwata niliiona mu shimo ya takataka.

Sasa, ku ile kilio, mangaribi ilifika na mukamwana akasema tuwashe mataa. Nikasimama haraka, nikasema ntamusaidia, nikamufwata mu jikoni. Nilitaka kuona bameficha wapi. Akachukua kiti, akapanda, akanyoosha mikono mpaka ku mti ya paa, na akafungua kamba. Bidon ya manjano ikashuka, imefungwa muzuri, kifuniko imekazwa na kitambaa ya kikwembe.

"Juu ya nini munaweka kule juu?" nikauliza.

"Ni Mama," akasema. "Ilikuwa sheria yake, tangu niliolewa hapa. Chini hapana, mu chupa hapana. Siku moja niliweka kidogo mu chupa ya sukre, alinipiga kofi, mi na ujauzito yangu. Na alituambia mutoto akikunywa, musimuguse mu kinywa, musimupe mawese, mumukalishe na mukimbie hopitali. Alikuwa anatuambia kila mwaka, sawa katekisimu."

"Alisema ni sababu gani?"

"Hapana. Ukimuuliza, alikuwa anatoka inje."

Alimimina mu taa. Nilishika kamba, ilikuwa ya zamani, imelainika na mikono. Kisha nilipita kati ya bamama, nikavua viatu ku mulango, nikaingia mu salon pale balimulaza Mama Feza, na nikamulilia.